Kufunga mwaka katika shule ya Wacree: hesabu zako zianzie kwa bata bukini

Mtihani wangu wa kwanza wa majira ya chipuko niliutunga kwa siku 4. Maswali 22, michoro kwa rula, nakala za akiba juu. Kalenda ya shule ilionyesha wazi kwamba likizo ya bata bukini, ya watu kwenda kuwawinda ndege hao, inaanza Ijumaa, nami nikaona Jumatano ni siku salama. Darasa la wanafunzi 19, wakaja 3, na mmoja kati ya hao alikuja kuniaga tu, buti za mpira miguuni, gari la baba yake linanguruma nje. Bibi anayesaidia chumba cha Kicree alipita mlangoni, akaliangalia lundo langu la karatasi, akasema neno moja: "Nisk." Maana yake bata bukini. Tangu usiku upepo ulikuwa unatoka kusini, ndege wamewahi, na kalenda ya ofisini haina la kumwambia ndege.

Mimi ni mtu wa Pangani. Huu ni mwaka wa 7 nafundisha hisabati ya sekondari katika jamii moja ya Wacree, wenyeji wa asili wa huku, pwani ya mashariki ya ghuba ya James Bay, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada. Kila Agosti naona mwalimu mgeni mmoja au wawili wanashuka na masanduku yao. Safari hii mmoja ni binti wa Bujumbura, Kiswahili chake kitamu, akaniambia: "Dada, niandikie basi hayo unayoyasema kila siku, nisije nikaumbuka." Nimemwandikia. Na wewe utakayepewa mkataba wa huku, soma.

Jua kwanza uko kwa nani

Wenyewe wa pwani wanajiita Eeyou, wa bara Eenou, na nchi yao ni Eeyou Istchee. Mwaka 1975, baada ya kuvutana na serikali juu ya mabwawa ya umeme yaliyokuwa yanajengwa kwenye mto La Grande, walitia saini mkataba uliowapa, pamoja na mengine, haki ya kuendesha shule zao. Bodi yao ya shule ikaanza 1978. Kwa hiyo likizo ya bata bukini usiifikirie kama hisani ya wizara kwa watu wanaopenda kuwinda. Wameiweka wenyewe, katika shule zao wenyewe.

Halafu kuna hili, ambalo hutaambiwa siku ya kwanza. Bibi na babu wengi wa wanafunzi wako walichukuliwa wadogo wakapelekwa shule za bweni, Fort George, La Tuque na kwingine, miezi na miezi mbali na mama zao, wakikatazwa lugha yao. Majira ya ndege yalipita wao wakiwa ndani ya kuta. Sasa mzee wa namna hiyo akimtoa mjukuu wake darasani siku 2 kabla ya likizo ampeleke kambini, wewe mwenye karatasi zako za fotokopi utamwambia nini? Mimi nilijifunza kunyamaza na kupanga upya.

Kwa sababu ya likizo hiyo ya wiki mbili hivi, na nyingine ya vuli ya kuwinda moose, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, shule hufunguliwa mapema, mwezi wa Agosti, watoto wa kusini wakiwa bado wanaogelea. Siku zile za Agosti unazoziona za bure ndizo zinazolipia Mei. Usizichezee.

Machi na Aprili: kazi nzito iishe barafu ikiwepo

Pangani masika yanapoanza kumwaga, huku asubuhi bado ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini jua limerudi, na ukikaa nje saa nzima mwanga unaorudishwa na theluji utakubabua uso. Wanafunzi wangu wanakuja Jumatatu wana alama nyeupe za miwani machoni kama vinyago. Hapo ujue saa inakwenda.

Kanuni yangu ni moja: sura mpya ya mwisho, ile ngumu, inafundishwa na kupimwa kabla ya wiki ya tatu ya Aprili. Baada ya hapo ni marudio na kazi za mikono. Alama zangu za muhula naziingiza wakati huohuo, hata kama ofisi imetoa muda zaidi. Mwanafunzi anayedaiwa kazi namkalisha wakati wa chakula cha mchana mwezi wa Machi, maana mwezi wa Mei nitamdai kwa redio.

Wiki hizo za mwisho usifundishe kama hakuna kinachotokea dirishani. Kitie ndani ya somo. Mimi mistari ya grafu naifundisha kwa pikipiki ya theluji: inakula lita ngapi kwa kilomita, kambi iko wapi, galoni ngapi ubebe, na kibakie kiasi gani cha dharura. Takwimu wanaleta wao, na wanazijua kuliko mimi. Mwaka mmoja nilichora mstari mmoja wa kwenda na kurudi, nikaona nimemaliza. Kijana wa nyuma ambaye huwa hasemi akainua mkono: "Mwalimu, kurudi mzigo ni mzito zaidi. Umesahau bata." Tukachora mistari miwili.

Mwalimu wa utamaduni wa Kicree anakuwa na mahitaji mengi kipindi hiki, na ukimsaidia naye atakusaidia. Kuna hema la turubai nyuma ya shule, lenye jiko la kuni, na sakafu yake ni matawi mabichi ya sprusi, mti wa jamii ya msonobari, yaliyopangwa kama makuti, shina chini na ncha juu. Yakichakaa hubadilishwa, na kuyapanga ni kazi ya mikono mingi. Peleka darasa lako. Harufu yake itakaa kwenye sweta wiki nzima na hutajuta. Humo ndani ndimo wazee wanapofundisha watoto kusuka sanamu za bata kwa vijiti vya tamaraki, mti wa jamii hiyohiyo ila wenyewe hupukutisha majani yake membamba kama sindano kila vuli. Vijiti vinafungwa kwa uzi, shingo inapindwa, na kitu kinachotoka kinasimama kama ndege hai.

Kumwalika mzee kuna adabu yake, na mtu wa kwetu haimpi shida. Nenda mwenyewe nyumbani au mtume mjukuu wake, usimtumie barua pepe. Mfuate kwa gari na umrudishe. Chai iwe tayari, na posho yake iwe imeshapitishwa ofisini kabla hajaja, siyo "tutakupigia". Akianza kuzungumza usimkatishe, na akinyamaza usimkatishe pia. Kimya chake ni sehemu ya somo; mimi nilikuwa naruka kukijaza kwa maneno, mpaka mwanafunzi mmoja akanikanyaga mguu. Picha usipige bila ruhusa. Salamu ni "wachiya", na asante ni "chiniskumitin". Bibi ni "kuukum", na baada ya miezi michache utamwita hivyo na wewe.

Watakapokuuliza lugha yako, waambie mgeni kwetu anaambiwa "karibu". Darasa langu lilicheka mpaka kengele ikalia, kwa sababu walisikia caribou, yule mnyama wa huku mwenye pembe. Mpaka leo nikibisha hodi kwenye hema kuna mtoto atapiga kelele "karibu!" huku ameweka vidole kichwani kama pembe.

Ukialikwa kambini

Walimu wengi wakati wa likizo hukimbilia Montreal. Sikulaumu, nami mwaka wa kwanza nilikimbia. Ila ukialikwa na familia, nenda. Wanafunzi utawaona upya: yule anayesinzia kwenye sehemu za desimali ndiye anayejua barafu ipi inabeba na ipi inadanganya. Kwenye barafu, mwezi wa Mei, usikanyage mahali ambapo mwenyeji hajakanyaga. Hilo sina mzaha nalo.

Peleka unga, sukari, majani ya chai, betri, na kitu cha watoto. Vaa nguo zisizopiga kelele: nyeupe juu ya theluji, kahawia theluji ikishaondoka. Koti langu jekundu la bei mbaya lilifungiwa kwenye sanduku siku ya kwanza, kwa heshima zote. Pale mafichoni, ndege wanaposubiriwa, kuna msimamizi wa uwindaji, mtu anayejua eneo, na neno lake ndilo sheria: mahali gani papumzishwe leo, lini watu watoke, lini warudi. Jua likizama bunduki zinanyamaza. Siku ya hewa tuli mlio husafiri mbali ukawafukuza ndege wote wa ghuba, kwa hiyo siku hiyo watu wanapasua kuni na kupiga soga. Niliposikia hivyo nikawakumbuka wavuvi wa kwetu na siku zao za kutokwenda baharini.

Kazi yako wewe mgeni ni kunyonyoa. Manyoya laini yanawekwa kando kwa ajili ya mito na mablanketi. Bata wa kuchoma ananing'inizwa kwa kamba kando ya moto, si juu yake, kamba inasokotwa na kuachiwa ili azunguke mwenyewe, na mafuta yanadondoka kwenye sufuria iliyotegwa chini. Wanaita sagabon. Watoto ndio wanaopewa kazi ya kusokota kamba, na ole wake anayesahau.

Mimi ni Mwislamu, na swali hilo niliulizwa kabla sijalisema. Kuukum wa familia iliyonialika aliuliza ninakula nini, nikamweleza, akafikiri, akasema samaki hawana neno. Siku 5 nikala samaki weupe, na mkate wao wa sufuriani akanikandia wangu kwa mafuta ya mahindi badala ya shahamu. Sema mapema, sema wazi, hutamuudhi mtu. Kinachoudhi ni kusukuma sahani pembeni bila maneno.

Wazee watakueleza pia kwamba ndege hawapiti tena kama zamani, na kwamba nyasi za baharini ambazo bata walikuwa wakilisha zimepungua sana pwani. Wengi wanalihusisha jambo hilo na maji ya mabwawa. Mtu wa Tanga aliyekulia kwenye mashamba ya mwani husikiliza kwa sikio lingine. Mwalimu wa sayansi akirudi na maswali hayo ana kazi ya Juni nzima mkononi.

Hatua za kwanza

Kati ya chipuko na kiangazi utasikia kuna sherehe ya watoto waliojua kutembea karibuni. Kwa desturi, mtoto mguu wake haugusi ardhi ya nje mpaka siku hiyo. Asubuhi na mapema familia hukusanyika hemani, mtoto huvishwa nguo za ngozi au kitambaa zilizoshonwa shanga, wa kiume ana bunduki ndogo ya mti, wa kike ana kishoka na kuni. Anashikwa mkono, anatoka mlangoni kufuata njia iliyotandikwa matawi mpaka kwenye mti, anauzunguka, anarudi na mzigo wake mdogo, bata au matawi, anauingiza ndani na kuwapa wazee. Wanambusu mmoja mmoja, kisha chakula.

Ukialikwa, wahi. Kaa pale utakapoonyeshwa. Na kama wewe ndiye uliyeshika ratiba ya mazoezi ya mahafali au siku ya michezo, uliza kwanza ni Jumamosi ipi yenye sherehe, kwa sababu nusu ya wanafunzi wako ni kaka na dada wa hao wanaotembea.

Juni ni fupi kuliko unavyodhani

Wanarudi wananukia moshi, wamechomwa na jua, na kila mmoja ana hadithi. Siku 3 za kwanza sifundishi kitu kipya. Wanaandika, wanachora, wanahesabu ndege wa familia kwa hiari yao (asiyetaka kutaja, asitaje, wengine hawapendi kujisifia mawindo), na shule inapika karamu ya bata. Ukiwaletea mtihani Jumatatu hiyo utapata majibu ya mtu aliyeko kambini bado.

Baadaye ndiyo mitihani ya wizara ya Quebec kwa wakubwa, kidato cha 4 na cha 5. Tarehe zake hazimsubiri mtu, kwa hiyo tengeneza orodha ya majina mapema: nani anafanya upi, nani ana haki ya muda wa ziada, nani bado yuko porini. Huyo wa mwisho apigiwe simu, na simu isiposhika, redio ya jamii. Mtangazaji anasoma tangazo lako kwa Kicree katikati ya salamu za siku ya kuzaliwa, na kesho yake mwanafunzi yuko mlangoni. Sijaona mfumo wa barua pepe unaoshinda huo.

Hali ya hewa nayo ina mambo yake. Nzi weusi wanaouma hutokeza Juni, na siku ya michezo isiyo na upepo ni adhabu ya pamoja. Chagua uwanja ulio wazi kuelekea maji. Na moto wa misitu: mwaka 2023 moshi na moto viliwahamisha watu katika jamii kadhaa za Wacree, na barabara zikafungwa. Tangu hapo kila shughuli yangu ya Juni ina mpango wa pili wa ndani, na alama zote nina nakala nje ya jengo.

Mahafali

Hapa usifanye uvivu hata kidogo. Kwetu mahafali ya sekondari ni ya wazazi. Huku ni ya kijiji kizima, na ndugu wanakuja kutoka jamii nyingine kwa saa nyingi za barabara. Hata watoto wa chekechea wana siku yao, na vikofia vya karatasi vinavyowafunika macho.

Majoho agiza Februari, saizi ukizipima wewe mwenyewe. Mizigo inachelewa njiani, na kijana aliyevaa joho la mdogo wake ataonekana hivyo ukutani kwa mama yake milele. Chini ya joho wengi watavaa mokasini, viatu laini vya ngozi, za shanga zilizoshonwa na kuukum, kwa hiyo usitangaze "viatu vyeusi tu" kama nilivyotangaza mimi. Nilirekebishwa ndani ya saa moja na akina mama 3, kwa upole wa kutisha.

Majina yafanyie mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu wa ukoo. Wazee wana meza yao ya mbele, wanahudumiwa kwanza, na wanaohudumu ni vijana. Hotuba yako isizidi dakika 4. Ya mzee haipimwi.

Sasa bango. Kicree huandikwa kwa herufi za silabi, na herufi ileile ikigeuzwa upande inabadilisha irabu: ᐱ ni pi, ikielekea kulia ᐳ ni pu, ikielekea kushoto ᐸ ni pa. Mimi nilikata herufi za kadibodi nzuri kabisa, za dhahabu, nikapanda ngazi nikazibandika usiku peke yangu kwa jinsi nilivyoziona zinapendeza. Asubuhi yule bibi wa chumba cha Kicree alisimama chini ya bango muda mrefu. Akasoma kwa sauti nilichoandika. Watoto wa darasa la tatu walilala chini kwa kicheko, na hadi leo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Kwa hiyo: herufi zikatwe na nani utakavyo, zibandikwe na msomaji wa Kicree.

Kufunga chumba

Vitabu vihesabiwe kabla ya wiki ya mwisho, maana vingine viko kambini na vitarudi na mafuta ya bata kwenye kurasa. Vipokee hivyohivyo. Friji ya chumba cha walimu iachwe wazi na tupu. Aliyesahau samaki wa Juni tunamjua mpaka leo. Kazi za watoto zipelekwe nyumbani kwao, zisiishie kwenye debe la taka, kwa sababu wazazi watauliza. Acha bahasha ya vifaa vya Agosti yenye jina lako, juu ya kabati, maana ukirudi utakuta rangi mpya ukutani na hakuna anayejua chochote kilihamishiwa wapi.

Mimi kalenda ya mwaka unaofuata ikitoka, kabla ya kitu kingine napaka rangi zile wiki mbili za bata, kisha naongeza siku 3 mbele na siku 3 nyuma. Ndipo naanza kuhesabu vipindi.

Funguo mpe katibu, nyumba ya mwalimu zima hita na funga maji kama ulivyoelekezwa. Kama unashuka kusini kwa gari, jaza tangi kijijini, kisha jaza tena kilomita ya 381 hata kama mshale unakwambia bado. Barabara hiyo inayotoka Matagami, mji wa kusini, kwenda Radisson huku kaskazini ni kilomita 620, na kituo cha mafuta njiani ni hicho kimoja. Kuukum atakuwa amekufungia mkate kwenye taulo. Usiufungue kabla ya kufika hapo 381. Ukianza kuula mapema, hautafika.